Kipimo cha choo au kamera?

Umeuliza kipi kinasumbua zaidi kwenye uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana: kipimo cha choo, au kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kuangalia utumbo. Nimepitia vyote viwili, ndugu yangu. Cha choo ni aibu ya dakika mbili: unachokoa kinyesi kidogo kwa kijiti, unafunga kichupa, basi. Ila kikionyesha damu, kamera huikwepi. Kamera yenyewe wala sikuisikia, nilichomwa sindano ya usingizi. Kazi ilikuwa jana yake! Lita za dawa ya kukuharisha ili utumbo uwe safi, ladha ya chumvichumvi, na mimi na choo hatukuachana hadi usiku wa manane. Dawa iweke kwenye friji, unywe kwa mrija. Uzuri wake, wakikuta kinyama kilichoota ndani ya utumbo wanaweza kukitoa papo hapo. Ukiwa safi, kwa kawaida unapumzika miaka 10. Cha choo unarudia kila mwaka au miaka 2.