Bosi anasema wao ni NGO ndogo, sheria ya kazi haiwahusu

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Igoma hapa Mwanza, nimefanya kazi miaka mitatu na miezi minne kwenye NGO moja inayofundisha akina mama wa mialoni kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Tupo sita tu. Wiki mbili zilizopita saa nne usiku mkurugenzi kanitumia meseji WhatsApp, "kesho usije, mfadhili kapunguza hela", basi. Nilipomfuata akasema wao sio kampuni, hawatafuti faida, mambo ya sheria ya kazi ni ya viwandani huko, alafu akatoa karatasi nisaini kwamba nimeacha kazi kwa hiari ndo anipe laki mbili. Sijasaini. Juzi nasikia mezani kwangu kakaa mtoto wa dada yake. Nina haki au niachane nao?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na hiyo karatasi usiisaini hata akiongeza iwe laki tano. Ukisaini kwamba uliacha mwenyewe, kesho utamwambia nani kwamba ulifukuzwa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haihesabu vichwa na haiulizi kama mwajiri anapata faida. Waliowekwa nje ni kama wanajeshi, polisi na magereza, NGO haimo humo. Kinga ya kuachishwa isivyo halali inamkosa aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na wewe ulishavuka zamani.

Sasa hilo la mfadhili. Hela zikipungua kweli mwajiri anaruhusiwa kupunguza watu, silikatai, NGO nyingi zinaishi kwa hela ya mradi. Ila lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na nyie mjadiliane kama kuna njia ya kuepuka, nani anapunguzwa na kwa kigezo gani na atalipwa nini. Watu sita mnakaa kwenye benchi moja, kikao kinamshinda nini? Na kama hela ya mshahara wako imeisha, huyo aliyekaa mezani kwako analipwa na nini? Hapo ndipo pa kumbana, maana kazi ya kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki ni ya mwajiri, sio yako.

Kinachonitia wasiwasi ni siku. Una siku 30 tu tangu ulipoachishwa za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na wiki mbili zishapita, kwahiyo nenda ofisi yao ya Mwanza wiki hii hii, uombe fomu namba moja. Watu wengi wanakaa wanasubiri bosi apoe, kuja kushtuka siku zimeisha, inabidi waanze kuomba kwanza kuongezewa muda. Piga skrinishoti ile meseji ionekane tarehe na saa, beba mkataba, salari slipu au meseji za benki. Kwanza mtasuluhishwa, ikishindikana ndo uamuzi.

Na hata angefuata utaratibu wote, bado ungemdai notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au alipe hela yake, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, yaani siku 21 kwako, likizo ambayo hukwenda na cheti cha utumishi. Kama walikuajiri ukiwa kwenu, tuseme Nansio, ndo wakakuleta mjini, nauli ya kukurudisha na mizigo yako ni juu yao pia, iandike kwenye madai.