Kabati tupu la bibi wa maandazi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Unauliza: uvimbe uliotolewa kwenye kongosho la mgonjwa wenu umeshika kwa uhafifu rangi ya maabara inayoonyesha insulini, homoni ya kushusha sukari, ilhali visiwa vya Langerhans (vikundi vya seli za kongosho vyenye seli za insulini) vilivyo pembeni yake vimekolea. Sasa sukari yake ilishushwa na nini?

Unamkumbuka bibi wa maandazi wa barabara ya 12? Hotelini hupika mapema, wakapanga kabatini, wakatoa mteja akifika. Bibi akiopoa tu, andazi limeshaondoka. Fungua kabati lake saa tatu asubuhi, utakuta mbuzi ya nazi na kitambaa. Utasema hakupika?

Seli ya beta yenye afya, ile itengenezayo insulini, ndiyo hiyo hoteli. Huunda proinsulini, yaani insulini ambayo bado haijakatwa, ikaikata ndani ya vifuko ikawa insulini na kipande kiitwacho peptaidi C. Insulini hujikusanya sita sita pamoja na zinki, ikaganda kama fuwele, ikingoja glukosi, yaani sukari ya damu, ipande. Seli za uvimbe mara nyingi hazina subira hiyo. Vifuko ni haba, akiba haikai, homoni huvuja hata damu isipoihitaji, na nyingine hutoka mbichi, ingali proinsulini. Rangi yenu imeonyesha kilichobaki ndani. Kilichotoka haikukiona.

Ndiyo maana sisi wa maabara tulikuwa tukidai damu ichukuliwe sukari ikiwa chini, si saa yoyote daktari apendayo. Mtu wa afya sukari ikishuka, insulini yake hukaribia kukatika. Wa uvimbe haikatiki, na kwa hilo hufungishwa wodini hadi saa 72 (Ramadhani yetu ni cha mtoto!). Insulini ikiwa juu na peptaidi C chini, shuku sindano ya insulini. Zikiwa juu zote mbili, imetoka mwilini mwake. Ila tafuta kwanza vidonge vya sulfonilurea, dawa ya kisukari, navyo huzipandisha hivyo hivyo.

Wagonjwa hawa huchanganyikiwa alfajiri, kabla ya chai. Mtaani watasema jini, na hospitalini nako wapo walioandikiwa kifafa wakameza dawa miaka. Ukiletewa wa namna hiyo, mchome kidole umpime sukari kabla hujauliza historia ya ukoo.

Huyo wenu peptaidi C yake ilisomaje, na damu ilichukuliwa saa ngapi? Niandikie.

Mama yako