Wordfence imekufungia nje? Usiguse paswedi kwanza

Pole mkuu. Kama wewe admini wa saiti ya WordPress umefungiwa na Wordfence (ile plagini ya ulinzi), halafu wageni wako nao wanalalamika, paswedi haina kosa. Bloki inashika IP (namba ya mtandao unaotumia), so jaribu kwanza kuingia kwa data ya simu uifute hiyo bloki kule ndani. Ikigoma nenda faili meneja ya hosti, wp-content/plugins, ibadilishe jina folda ya wordfence, WordPress ikiikosa inaizima yenyewe.

Ila faili la wordfence-waf.php usilifute kabisa! Mara nyingi kwenye .user.ini (faili la mipangilio ya PHP, lugha inayoendesha WordPress) kuna mstari wa auto_prepend_file unaoliita, ukilifuta mstari ukiwa bado upo saiti nzima inakufa, na hata ukiutoa mstari PHP kwa kawaida inakaa na mipangilio ya zamani hadi sekunde 300, kwa hiyo tulia dakika 5 hivi (watu wengi hapa ndo wanaharibu).

Hao wageni sasa, kama unatumia Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wageni na saiti yako) mi namshuku yeye, Wordfence inaziona IP zake badala ya za watu, mmoja akikosea paswedi mnafungiwa wengi. Kwenye mipangilio ya Wordfence ya kupata IP chagua CF-Connecting-IP.