Kabla ya skrini mpya, fuata waya

Juma lililopita kijana mmoja fundi umeme kaniandikia. Kituo chao cha kupoza umeme kinabadilishiwa mfumo: relei za zamani, yaani vifaa vinavyonusa hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, zinatoka, za kidijitali zinaingia, naye anauliza asome kozi gani asije akaachwa nyuma. Swali zuri, ila limenigusa pale ambapo bado pana kidonda.

Kituo nilichofanyia mimi kazi hiyo kilikuwa cha kilovoti 132 kwa 33. Relei zake zilikuwa za sumaku na springi, ndani ya vioo, na zilikuwa bado zinafanya kazi. Ila vipuri vilikuwa havipatikani, tena hazisemi kitu: laini ikikatika umeme unakuta kibendera cha relei kimedondoka, hitilafu iko kilomita ya ngapi utajua mwenyewe. Relei ya kidijitali inakukadiria umbali na kukuwekea kumbukumbu ya mkondo kwa milisekunde. Kwa hiyo mimi sikupinga mabadiliko. Nilichopinga ni papara.

Mkandarasi alikuja na michoro aliyopewa ofisini, akataka kung'oa paneli mara moja. Nikasema tukague waya kwa waya, kuanzia kwenye transfoma uwanjani hadi ndani. Nikaambiwa nachelewesha kazi. Mhandisi mmoja akatania mbele ya watu kuwa mzee anaogopa kompyuta. Mzee! Hata hamsini sijafika.

Kwenye paneli ya transfoma palikuwa na waya wa kijivu, lebo yake imefifia. Mchoro ulisema ni wa akiba. Lakini waya wa akiba hukunjwa ukafungwa pembeni. Huu ulikuwa umekazwa skrubu. Tukaomba kibali, transfoma ikatengwa na gridi, breka, ile swichi kubwa ya kukata umeme, tukaifunga kwa majaribio (kwetu kufunga ni kuunganisha, kufungua ni kukata). Nikapanda kwenye relei ya Buchholz, ile inayokaa kwenye bomba kati ya tangi kubwa na tangi dogo la mafuta ikivizia gesi ya hitilafu, nikabonyeza kitufe chake. Breka ikafyatuka. Tukaulegeza ule waya wa kijivu, breka tukaifunga tena, nikabonyeza. Kimya. Kumbe fundi fulani wa zamani alikuta waya wa awali umekatika, akahamia kwenye wa akiba, mchoro hakuugusa.

Wangeukata, transfoma ingekaa bila ulinzi huo na hakuna ambaye angejua hadi siku ya moto. Siku ya uzinduzi walishukuriwa wote, hadi waliokodisha viti. Jina langu halikutajwa.

Sasa ushauri. Fuata waya. Badilisha njia moja moja ya umeme, usibebe kituo kizima kwa mpigo. Usifungue waya wa transfoma ya kupimia mkondo kabla hujaziunganisha ncha zake, maana ikiachwa wazi laini ikiwa na mzigo, volti yake hupanda hadi kuua. Kila ishara ijaribiwe kutoka kwenye kifaa chenyewe hadi skrini ya waongoza gridi. Na narudia, fuata waya.

Pia msikubali kuondolewa njia ya kuendesha kwa mkono. Desemba 2015 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni tatu za usambazaji umeme nchini Ukraine, wakafungua breka kwa mbali, wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni wakafunga breka wenyewe. Mngekuwa mmeshang'oa swichi zenu za mkono, mngefunga breka kwa kutumia nini?

Kozi? Soma IEC 61850, ndiyo kanuni ambayo relei za leo zinawasiliana kwayo mtandaoni. Lakini kwenye vituo vingi vya zamani, kebo za shaba za kutoka uwanjani huachwa zile zile, kwa hiyo multimita, kile kipimo chako cha umeme cha mkononi, isikae mbali. Na relei mtakazong'oa msiziuze chuma chakavu; kituo jirani huenda bado kinazitumia, na nyingi kiwandani hazitengenezwi tena.