Maswali na majibu: MRI inayofuata maji ubongoni

Baba alianguka bafuni, CT-Scan ikatoka safi. Kesho yake MRI ikaonyesha kiharusi. Nani alikosea?

Pole kwa kuuguza. Huenda hakuna aliyekosea. CT hutangulizwa kwa sababu ni ya haraka na huonyesha damu iliyovuja. Mshipa ukiziba, saa za mwanzo CT inaweza isione kitu. Ndani ya MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, kuna picha iitwayo difusheni, nayo hufuatilia jinsi molekuli za maji zinavyotangatanga. Damu ikikatika, seli hukosa nguvu ya kuendesha pampu zake, maji huingia ndani, seli huvimba, na maji yale hayana tena pa kuzurura. Palipobanwa hung'aa mweupe. Mwaka 1990 mtafiti Michael Moseley na wenzake, wakiwapima paka huko California, walionyesha kuwa mng'ao huu hutangulia picha za kawaida za MRI.

Kwa hiyo kila kinachong'aa ni kiharusi?

La. Usaha ni mzito, nao hubana maji; ndiyo maana picha hii husaidia kutofautisha jipu la ubongo na uvimbe wa saratani uliokufa katikati. Halafu kuna mng'ao wa uongo: mahali hung'aa ingawa maji hayakubanwa. Daktari huweka kando yake picha ya pili, ramani ya kasi ya maji: kiharusi kipya huwa cheupe kwenye ya kwanza, cheusi kwenye ya pili, mahali palepale. Picha moja tu ikipigwa kwa simu na kurushwa kwenye kundi la familia, msianze kulia.

Zile picha za nyuzi za rangi ni neva zenyewe?

Ni makisio ya kompyuta. Katika shamba la mkonge ni rahisi kutembea kufuata mistari kuliko kuikata. Maji nayo hufuata nyuzi za neva hivyo hivyo. Hesabu yake ilitolewa mwaka 1994 na watafiti Basser, Mattiello na Le Bihan. Nyekundu ni kushoto-kulia, kijani mbele-nyuma, bluu juu-chini. Nyuzi zinapopishana, kompyuta hubabaika. Hata hivyo mpasuaji huzitumia ili asikate njia ya mkono au mguu.

Mama anasahau mno. Kipimo hiki kitasema kama ni Alzheimer?

Peke yake, hapana. Watafiti wakilinganisha kundi la wagonjwa na la wazima, huona nyuzi za wagonjwa zimelegea kwa wastani, yaani haziongozi tena maji vizuri. Lakini uzee na presha ya muda mrefu hulegeza pia, na mashine mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa mtu yuleyule. Kwanza apimwe homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, aulizwe kuhusu huzuni, na dawa zake zote zipelekwe kwa daktari ndani ya mfuko mmoja.

Ina mionzi?

Haina, ni sumaku. Wakati wa difusheni utasikia mlio mkali na kitanda kutetemeka, hakijaharibika. Kama una betri ya moyo, sema kabla hujaingia chumbani.