Mwanangu, posho hiyo inatoka mfukoni mwako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza uchague lipi kati ya mawili uliyopewa na kampuni mpya ya malori huko Marekani: senti 60 kwa maili, zote mshahara, au senti 58, ambapo 14 kati yake ni posho ya njiani, yaani ya chakula ukiwa safarini, isiyokatwa kodi. Wamekwambia hiyo ya pili itakuachia hela zaidi mkononi. Ni kweli, ila ni kidogo kuliko unavyodhani.

Nahisi unaifikiria posho aliyokuwa akilipwa baba yako enzi za lori, Dar mpaka Lubumbashi. Ile ilikuja juu ya mshahara. Hii uliyoahidiwa huko Dallas, Texas, imemegwa kwenye mshahara wako mwenyewe, ikapewa jina jingine, na juu yake wamekupunguzia senti mbili.

Chukua kalamu. Tuseme unaendesha maili 2,500 kwa wiki. Kwa mpango wa kwanza unapata dola 1,500, zote mshahara. Kwa wa pili unapata 1,450: mshahara 1,100 na posho 350. Makato ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee) ni asilimia 7.65. Kodi ya mapato, kwa kuwa mkeo yuko shuleni, hamna mtoto bado na mnajaza fomu pamoja, sehemu ya juu ya pato lenu inakatwa asilimia 12. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Mshahara unaokatwa ukishuka kwa dola 400, unaokoa dola 30.60 upande mmoja na karibu 48 upande wa pili. Toa zile 50 zilizokwenda na senti mbili. Unabaki na kama dola 28 kwa wiki.

Kampuni nayo huchangia asilimia 7.65 ya mshahara wako. Kwa hiyo inaokoa zile 30.60, na 50 nyingine isizokulipa. Zaidi ya dola 80 kila wiki kwa dereva mmoja. Sheria inaruhusu, siwalaumu, lakini usiamini kwamba mpango huu umebuniwa kwa ajili yako.

Linaloniuma zaidi ni fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka. Kwa wiki 50 za kazi, mpango wa kwanza utaonyesha mshahara wa dola 75,000, wa pili 55,000. Mnatafuta nyumba, sivyo? Benki nyingi zitaitazama hiyo 55,000 na kukupimia mkopo kwa hiyo hiyo, hata kama umelala njiani siku ngapi. Pensheni ya Social Security hukokotolewa kwa miaka 35 ya mapato yako makubwa. Kila mwaka unaopunguza dola 20,000 kwenye kumbukumbu zao unakupunguzia, kwa viwango vya leo, kama dola 15 za pensheni kwa mwezi, maisha yako yote. Miaka kumi ya namna hiyo ni dola 150 kila mwezi. Na mgongo wa dereva unaujua: ukiumia ukashindwa kazi, malipo ya ulemavu nayo yanafuata kumbukumbu hizo hizo. Mimi ninayewajazia madereva fomu za kodi kila msimu nimewaona wakishangaa wakati huo, na wakati huo hakuna la kufanya.

Utasema basi uchukue mshahara wote kisha udai gharama za chakula kwenye kodi. Zamani dereva wa kuajiriwa aliweza. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ilisimamisha punguzo hilo kuanzia 2018, na sheria ya Julai 2025 imelifuta kabisa. Limebaki kwa mwenye lori lake. Siku ukinunua lako, utahesabu dola 80 kwa kila siku nzima uliyokuwa mbali na nyumbani ndani ya Marekani, robo tatu ya hiyo kwa siku ya kuondoka na ya kurudi, na utatoa asilimia 80 ya jumla kwenye pato lako. Rekodi za safari zilizo kwenye lori ndizo zitakuwa ushahidi wako, zitunze.

Mwambie na yule rafiki yako aliyerudisha ufunguo wa chumba chake ili aishi ndani ya lori: asiye na makazi anayoyalipia hahesabiwi kuwa yuko mbali na nyumbani. Posho yake inaweza kugeuzwa mshahara na kukatwa kodi.

Ningejua zile dola 28 utaziweka akiba ya uzeeni kila wiki bila kukosa, ningekwambia chukua posho. Najua zitaishia kwenye chakula cha vituo vya mafuta. Kwa hiyo nasema chukua senti 60.

Ila kwanza waulize kama wanaweza kuitoa hiyo posho ya senti 14 ndani ya senti 60 zile zile, bila kuzipunguza. Wakikubali, unaokoa karibu dola 69 kwa wiki, na hapo tuna jambo la kuzungumza, mradi zikatwe moja kwa moja kwenda akaunti ya uzeeni kabla hujaziona. Mkijaliwa mtoto hesabu itabadilika, tutaipiga upya.

Usitie saini kabla hujanitumia karatasi za mkataba. Msalimie mkwe wangu.

Mama yako