Fimbo ya mchungaji siyo ya kuchapa

Dada, umeuliza fimbo ya Zaburi 23:4 inamfariji vipi mtu wakati fimbo kazi yake kuchapa. Hapo kwenye kuchapa ndo nakataa. Daudi, anayetajwa kuwa ndiye mwenye zaburi hii, alikuwa mchunga kondoo kweli, soma 1 Samweli 17:34-35 anavyomweleza mfalme Sauli jinsi simba na dubu walivyokuwa wakija kubeba mwanakondoo na yeye anawafuata anawapiga, sasa hapo kinachopigwa ni kondoo au simba? Halafu we si upo Mwanza, siku ukienda Magu waangalie vijana wa Kisukuma wakivusha ng'ombe barabarani, basi linakuja spidi, kijana kasimama katikati ya lami kawapa ng'ombe mgongo, fimbo kainyoosha kwa dereva, na ndama aliyezubaa anaguswa tu ubavuni anaunga na wenzake. Wapo wanaochapa hovyo, sikatai, ila wachungaji wa hivyo Mungu kawasema vibaya mno kwenye Ezekieli 34, wanakula walionona, mgonjwa hawamtibu, aliyepotea hawamtafuti, wanatawala kwa ukali (na wa makanisani kwetu nao waisome, hasa msimu wa michango). Kuhusu ugonjwa wa mama, ulivyosema labda ni adhabu ya Mungu, mi sioni hilo kwenye hii zaburi kabisa. Kwenye huo mstari wa 4, anayepita bonde la uvuli wa mauti hajaambiwa kakosea njia, anachosema ni "Wewe upo pamoja nami". Mwambie mama hivyo, na dawa aendelee kunywa.